Shajara ya mradi: sampuli ipi ichukuliwe mwili unapotoka ziwani ukiwa umeharibika

Julai, mwanzoni

Kazi tuliyojiwekea ni nyembamba kwa makusudi: kuandaa mwongozo wa ukurasa mmoja, utakaobandikwa ukutani katika vyumba vya kuhifadhia maiti vya wilaya zinazozunguka Ziwa Victoria, unaomweleza mtu aliyesimama mbele ya mwili ulioharibika achukue kipande gani kwa ajili ya kipimo cha vinasaba (DNA), akikateje, na akiweke wapi mpaka kitakapofika maabara. Miongozo mikubwa ya kimataifa ipo, ukiwamo ule wa INTERPOL, shirika la polisi la kimataifa, wa kutambua waathirika wa maafa, na hatuna nia ya kushindana nayo. Shida ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya timu kamili, na sisi mara nyingi tuna tabibu mmoja, askari mmoja na taa inayozimika.

Ajali mbili za ziwa hili hutajwa kila mradi kama huu unapoombewa kibali, na ni haki zitajwe. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, na baadhi ya walioopolewa wamelazwa katika makaburi ya Igoma, Mwanza, bila kaburi lenye jina lao. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa safarini kutoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara, na waliokufa walizidi 220. Hata hivyo, ajali ya ukubwa huo ikitokea, wataalamu huletwa kutoka kila upande wa nchi. Ukurasa wetu unamlenga zaidi mtu anayeletewa mwili mmoja, uliookotwa na wavuvi wa dagaa alfajiri, ambao umekaa majini kwa muda usiojulikana na uso wake hauwezi tena kutambuliwa na mama yake mzazi.

Mipaka ya kisheria tumeiandika juu kabisa ya rasimu. Matumizi ya vinasaba vya binadamu nchini Tanzania yanasimamiwa na sheria maalumu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo ukurasa huu haumpi mtu yeyote ruhusa ya kukata. Unamwongoza yule ambaye ruhusa anayo tayari.

Julai, mwishoni

Tumetumia siku nyingi kukubaliana juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani kwa nini tuwakataze watu kuchukua damu na nyama. Ni mazoea ya muda mrefu, na kwa mwili mbichi si mazoea mabaya: kwa aliyekufa jana, tone la damu kwenye kadi maalumu ya kunyonyea, au pamba iliyopitishwa ndani ya shavu, hutosha kabisa, na hata mwili uliokatika vipande lakini haujaanza kuoza unaweza kutoa sampuli nzuri ya gramu moja hivi ya msuli mwekundu wa ndani. Hatari ni mazoea hayo kuhamishiwa kwa mwili uliovimba na kubadilika rangi.

Mtu akifa, vimeng'enya vya seli zake mwenyewe huanza kuzikatakata nyuzi za vinasaba, kisha bakteria wa utumbo na wa majini huendeleza kazi hiyo, na maji nayo huzidi kuzidhoofisha nyuzi hizo kwa njia ya kikemikali hata pasipo na kiumbe chochote. Yote hayo huenda kasi zaidi kwenye joto, na maji ya juu ya ziwa letu hukaa karibu na nyuzi joto 25 karibu mwaka mzima. Damu iliyooza na ini lililolainika vinaweza kuonyesha kwenye kipimo cha jumla kwamba vina vinasaba tele, kumbe vingi ni vya bakteria. Ndiyo maana maabara hupima kwanza kiasi cha vinasaba vya binadamu peke yake kabla ya kuendelea.

Mfupa na jino hudumu kwa sababu iliyo wazi. Seli za mfupa zimefungiwa ndani ya vishimo vidogo sana vilivyozungukwa na madini ya kalsiamu na fosfeti, na vinasaba vyenyewe hushikamana na madini hayo, kiasi kwamba vimeng'enya na bakteria huvifikia kwa taabu. Jino lina enameli juu, dentini ndani, na mzizi uliozama katika taya, ambao utando wake wa nje una seli zinazoweza kusalia muda mrefu hata baada ya moyo wa jino kuoza.

Kilichobaki ni suala la urefu. Utambuzi wa kawaida husoma vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia, ambavyo idadi ya marudio yake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na baadhi ya vipande hivyo huhitaji uzi mzima wenye herufi, yaani vijenzi vya uzi huo, 300 au 400. Katika mwili ulioharibika nyuzi za urefu huo ndizo zinazokatika mwanzo, hivyo matokeo huja nusu: alama fupi, yaani vipande vifupi, zinasomeka, ndefu hazionekani. Zipo seti za vipimo zilizotengenezwa kusoma alama fupi, nyingi zikiwa chini ya herufi 150, lakini hakuna seti inayoweza kusoma kisichokuwamo katika kipande kilicholetwa.

Agosti

Mwezi wa mabishano. Swali lilikuwa: kwa mwili ulioharibika, tuandike mfupa wa paja au tuandike kidole cha mguu?

Wanaotetea mfupa wa paja wana hoja nzito. Mwongozo wa INTERPOL, kwa mwili ulioharibika, unataja kipande cha sentimita 4 hadi 6 cha mfupa mrefu mgumu, au meno mazima na hasa magego, au mfupa mwingine wowote uliopo, karibu gramu 10 ikiwezekana, huku mifupa minene yenye ugumu ikipendelewa. Uzoefu wa Bosnia, ambako maelfu ya waliouawa katika vita vya miaka ya 1990 walitambuliwa kwa vinasaba vya mifupa, ulionyesha kwamba mfupa wa paja na meno ndivyo vilivyotoa matokeo mara nyingi kuliko mifupa mingine iliyojaribiwa. Ushahidi wa namna hiyo hauwekwi pembeni kwa sababu tu msumeno wetu ni butu.

Lakini upande wa pili nao una ushahidi. Utafiti uliofanywa baadaye Marekani, na watu waliokuwa na uzoefu wa mabaki ya shambulio la New York la mwaka 2001, ulilinganisha mifupa ya aina mbalimbali ya mwili mmoja mmoja na kuona kwamba mifupa midogo yenye sponji ndani, kama ya vidole, ya wayo na kofia ya goti, hutoa vinasaba vingi, mara nyingine kuipita mifupa minene. Kwa anayefanya kazi peke yake faida yake ni kubwa mno. Kidole cha mguu hukatwa kwenye kiungo kwa kisu cha upasuaji, hakihitaji msumeno, hakirushi unga wa mfupa hewani, na mwili haubomolewi mbele ya ndugu ambao watauosha na kuuvika sanda. Juu yake kuna ukucha, ambao nao ni chanzo kizuri cha vinasaba na husafishika kwa urahisi.

Kilichotuamulia ni ziwa lenyewe. Mwili unaokaa majini muda mrefu hauachii viungo vyake ovyoovyo. Mikono na viganja hutangulia kuchomoka, kisha miguu kuanzia kwenye vifundo, pamoja na taya na fuvu, na mifupa ya paja hubaki na kiwiliwili hadi karibu na mwisho. Anayeelea juu ya maji kwa siku chache bado ana vidole vyote vya miguu, na akiwa amevaa viatu au mabuti ya mpira vidole hivyo huwa vimehifadhika kuliko sehemu nyingi za mwili. Aliyekaa chini muda mrefu, akanaswa kwenye nyavu na kutolewa vipandevipande, huenda asiwe na miguu kabisa. Hivyo jibu moja kwa miili yote halipo. Mwili wenye nyama bado na miguu mizima: kidole gumba cha mguu pamoja na ukucha wake. Mwili uliobaki mifupa, au usio na miguu: mfupa wa paja, na magego mawili kama fuvu au taya ipo.

Daktari wa meno katika timu yetu alisisitiza jambo ambalo nimelipigia mstari. Jino lisiguswe kabla hali ya kinywa chote haijaandikwa na kupigwa picha ya eksirei pale inapowezekana, kwa kuwa meno yenyewe ni mojawapo ya njia kuu za utambuzi, sawa na alama za vidole na vinasaba. Ukiling'oa kwanza umekiharibu kielelezo kimoja ili kupata kingine. Alipendekeza gego lisilotoboka wala kuzibwa, na sababu yake ya pili ilinifurahisha kwa uwazi wake: meno ya mbele yana mzizi mmoja ulionyooka na huchomoka yenyewe baada ya ufizi kuoza, ila gego lenye mizizi miwili au mitatu hung'ang'ania taya, kwa hiyo ndilo litakalokuwapo.

Kwa mfupa wa paja tulifanya mazoezi kwa mapaja ya nguruwe kutoka buchani. Tunakata dirisha katikati ya mfupa, mikato miwili ya kukingama na miwili ya urefu, bila kuutenganisha mfupa vipande viwili, kwa sababu urefu wake wote unahitajika kukadiria kimo cha marehemu, na mfupa ukikatwa vipande viwili kimo hakikadiriki tena kwa uhakika. Msumeno wa umeme hukata haraka na hapo ndipo shida inapoanza. Unga ukitoka mweupe na mkavu, kazi inaendelea vizuri. Ukianza kugeuka wa kahawia na chumba kikanuka nywele zilizoungua, joto limeshaanza kuharibu kile kile tunachokitafuta. Tumeandika kwenye rasimu: kata kidogo, pumzisha ubapa wa msumeno, kata tena. Msumeno wa mkono ni wa taratibu lakini hauchomi, na kwa vituo vingi vya visiwani ndio utakaokuwapo hata hivyo.

Mmoja wetu alitaka tuongeze ile sehemu ngumu kupita zote ya fuvu, iliyobeba sikio la ndani, ambayo wachunguzi wa mabaki ya kale wanaisifu sana. Ni kweli ni ngumu na hutunza vinasaba kwa karne nyingi. Kuitoa kunahitaji mkono uliozoea, na nisingependa kuona tabibu wa kituo cha afya akilipasua fuvu kwa sababu ukurasa wetu ulimwambia. Imebaki nje.

Septemba, mwanzoni

Siku ya mochwari. Jambo la dharura kuliko yote lilisemwa na mhudumu mzee ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana wake. "Daktari," aliniambia, "hapa ndugu wakifika wanataka kuwahi basi la alfajiri. Dawa inachomwa kabla karatasi zenu hazijaisha."

Dawa anayoisema ni fomalini, na ni hatari kubwa kwa kazi yetu, kwani hufunga vinasaba na protini pamoja na kuvikatakata. Msuli uliolowa fomalini hutoa matokeo haba au hautoi chochote. Miili mingi inayosafirishwa kwenda Bukoba, Musoma au Kigoma huchomwa dawa hiyo, na inaeleweka, safari ni ndefu na joto ni jingi. Tatizo ni pale ndugu wanapokuwa wameutambua mwili kwa shati au mkanda tu. Shati la mtumba lina mapacha wake kila soko, kwa hiyo utambuzi wa namna hiyo ni dhaifu, na pale pale ndipo sampuli inahitajika zaidi. Mstari wa kwanza wa ukurasa, kwa herufi nzito, sasa unasema: sampuli kwanza, dawa baadaye. Vilevile sampuli yenyewe isitiwe katika chupa ya fomalini iliyo rafuni kwa ajili ya vipande vya uvimbe. Nimeiona chupa hiyo. Haina lebo tofauti na nyingine, na mtu mwenye haraka angeichukua bila kufikiri.

Uhifadhi tumeugawa hivi. Panapo friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri, kidole au mfupa wenye nyama hugandishwa. Pasipo friza, kipande kidogo cha nyama ya mwili ambao haujaoza huzamishwa katika ethanoli yenye nguvu, ujazo wa kimiminika ukizidi wa nyama mara kadhaa, au hufunikwa kabisa kwa chumvi kavu. Chumvi ilizua vicheko, lakini maandiko ya kitaalamu yapo yanayoonyesha kwamba chumvi ya kawaida huhifadhi vinasaba vya msuli bila ubaridi, na hapa hakuna asiyejua kwamba sangara aliyetiwa chumvi vizuri haozi: chumvi hunyonya maji, na bila maji vimeng'enya na bakteria hukwama. Vipande vya nguruwe tulivyovizika ndani ya chumvi vimebaki vikavu na vigumu, wakati vile vya kulinganishia vilitufukuza chumbani.

Mfupa mkavu na jino havihitaji hata hayo. Vinawekwa katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Mfuko wa nailoni umekatazwa kwa kuwa hufungia unyevu na ukungu humea.

Septemba, mwishoni

Usafirishaji. Sampuli ya Ukara huvuka kwa kivuko hadi Bugolora, hupita mji wa Nansio, kisha huingia tena majini kuja Mwanza. Ya Sengerema inakuja kwa barabara bila kusubiri kivuko tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Kwa kila mkono inaopitia kuna jina, saa na sahihi. Sijaona haja ya kueleza zaidi. Askari wanalijua hili kuliko sisi, na fomu yao tumeikubali ilivyo.

Kuhusu uchafuzi tumeongeza kwamba kila anayeshika mwili atoe pamba ya shavu lake na ihifadhiwe pamoja na jalada, ili alama zake zikijitokeza kwenye matokeo zijulikane ni zake. Wahudumu wawili walisita, wakiuliza kama vinasaba vyao vingeweza kutumiwa kwa jambo lingine. Ni swali la haki, na tumeandika kwamba sampuli hizo zitatumika kwa ulinganisho huo tu.

Oktoba

Upande wa ndugu, ambao haumo katika ukurasa lakini unaamua ni sampuli gani ya mwili ina thamani.

Watu kadhaa wametuuliza kwa nini tusiridhike na vinasaba vya mitokondria, yaani viungo vidogo vya kuzalisha nishati ndani ya seli, maana kila seli ina nakala zake mamia au maelfu, ilhali vya kiini cha seli ni seti mbili tu, na hivyo hupatikana hata katika mfupa uliochakaa sana. Kweli hupatikana. Lakini hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja, mama yao, bibi mzaa mama na watoto wa dada zake wote huwa na mfuatano mmoja. Chukua kivuko cha siku ya mnada: wanaosafiri pamoja ni mama na binti zake, au ndugu watatu waliokwenda kuuza dagaa. Mitokondria itasema hawa ni wa ukoo mmoja wa kike na kunyamaza hapo, na familia itabaki na miili mitatu na majina matatu bila kujua yupi ni yupi. Kromosomu ya kiume ina tabia kama hiyo kwa upande wa baba. Yote mawili ni msaada mzuri pale ndugu wa karibu hawapo, ila lengo letu libaki vinasaba vya kiini, na hilo ndilo linalotulazimu kuchagua kipande bora mwanzoni.

Kwa ulinganisho, wazazi wote wawili wakiwapo hapana kinachowapita. Vivyo hivyo watoto wa marehemu pamoja na mama yao. Ndugu mmoja wa baba mmoja na mama tofauti hatoshi peke yake. Kwa hiyo anayeandikisha ndugu asiridhike na "mimi ni baba yake". Aulize nani alimzaa marehemu, achore mti wa ukoo kwenye karatasi, na amwonyeshe msemaji auhakikishe. Baba mdogo aliyemlea marehemu tangu utotoni ana kila haki ya kulia kama baba, ila kwenye fomu lazima aandikwe alivyo.

Novemba

Rasimu imesomwa na wahudumu, polisi na watu wa maabara. Mabadiliko makubwa ni mawili.

La kwanza ni kuhusu mabaki yaliyochanganyika. Boti ikizama na miili kupatikana vipandevipande, mtu hushawishika kuchukua sampuli ya kila mfupa anaouona, na maabara inajikuta ikipima mtu mmoja mara nyingi wakati mwingine hajaguswa. Sasa tunaelekeza kuchagua mfupa mmoja unaojirudia, kwa mfano paja la kulia, na kuuchukulia sampuli kila unapopatikana, kwa kuwa hakuna mwenye mapaja mawili ya kulia. Idadi yake inaeleza pia angalau watu wangapi wapo. Vipande vingine hufuata baadaye, kimojakimoja, kwa uamuzi wa mtaalamu wa mifupa. Hapo ndipo kidole cha mguu kinapopoteza sifa yake, maana kidole kilichojitenga ni vigumu kujua kilitoka mguu upi.

La pili, kila mwili utatolewa sampuli mbili za aina tofauti, zifungwe kando, na moja ibaki imehifadhiwa. Kusaga mfupa, kuuyeyusha madini yake na kuchuja vinasaba hula kipande chenyewe, na kipimo kikikwama baada ya kuzika, kufukua ni amri ya mahakama na uchungu mpya kwa familia. Watu wa maabara walitaka sampuli tatu. Wahudumu walisema mbili. Nimesimama na wahudumu, kwa sababu agizo linalotimizwa nusu usiku na mtu aliyechoka lazima liwe fupi.

Yanayosubiri kabla ya kuchapa: bei ya ethanoli kwa vituo vya visiwani, mafunzo ya kukata dirisha la mfupa kwa matabibu wa Ukerewe, na lebo nyekundu kwa chupa za fomalini, ambazo nitazibandika mwenyewe wiki ijayo kwenye vituo vitakavyoniruhusu.